Shimo la Kupumulia Ukutani Port Bell

Fundi Ochola wa Kansanga akikuambia kwamba nusu ya marehemu wa Kampala wamepita mikononi mwake, usimbishie, utapoteza siku nzima. Muulize tu ni wangapi waliorudi kulalamika. Atacheka mpaka kofia imwanguke, kisha atajibu, "Hata mmoja! Fundi gani mwingine ana wateja watulivu namna hii?"

Kazi yake ni kuchonga majina ya wafu kwenye mawe. Kiwanda chake, kama mabati manne na kivuli vinaweza kuitwa kiwanda, kiko kando ya barabara ya Ggaba, katikati ya duka la simu na baa ambayo hufunguliwa mapema kuliko kanisa. Alivuka mpaka wa Busia mwaka wa tisini na saba, kijana mwembamba kutoka Siaya mwenye tindo mbili na shati moja. Wembamba ulipotea na haujatangazwa kupatikana. Tindo bado anazo. Herufi zake husimama kama askari gwarideni, naye huzichonga bila rula, kwa jicho tu, na ukikaa karibu naye atakukumbusha jambo hilo mara tatu kabla chai haijapoa. Mkewe Nasike, anayeuza vitenge hapo hapo Kansanga, husema kitu pekee kisichonyooka katika kiwanda kile ni maneno ya mwenyewe.

Sasa sikiliza alivyoingia katika jambo ambalo maneno hayakumsaidia.

Wakazi wa Port Bell na Luzira walikubaliana kujenga ukuta ufukweni, karibu na pale meli za kubeba mabehewa zinapotia nanga, ukutani yawekwe majina ya watu wa mitaa yao waliokwenda vitani wasirudi. Huko kumejaa familia za jeshi, polisi na magereza. Mtoto wa huko anajua kupiga saluti kabla ya kujua kupiga mswaki. Majina yalipokusanywa yakafika arobaini na mawili, kila jina na jiwe lake. Kazi akapewa Ochola. Juu yake akawekwa mwenyekiti wa kamati, Afande Kaltumi, polisi mstaafu, mama mfupi ambaye hata kalooli, yale mandege yenye upara yanayoshinda ufukweni yakivizia vichwa vya samaki, humpisha njia.

Kaltumi alikuwa na sheria moja. Hakuna jina litakaloingia ukutani bila karatasi ya familia yenye sahihi au dole gumba. Asije mtu kuzikwa kwa maneno ya majirani.

Jumatatu ya wiki ya ufunguzi, Kaltumi alikagua ukuta akiwa ameweka mikono nyuma. Alihesabu mawe, akarudia kuhesabu. Mawe arobaini na mawili, sawa. Lakini upande wa kushoto, usawa wa kifua cha mtu, palikuwa na pengo.

"Fundi, hili shimo ni la nini?"

"La kupumulia, Afande."

"Nani anapumua?"

"Ukuta. Ukuta wa karibu na maji usipokuwa na tundu la hewa unapasuka. Hii ni elimu, Afande. Watu wanapanda ndege kwenda kuisoma."

Kaltumi alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu, kisha akarudi juu polepole. "Mimi nimehoji wezi miaka thelathini na moja. Shimo lako lina vipimo vya jiwe la jina, hakuna kilichozidi wala kupungua. Jumamosi saa nne wageni wanafika. Ikifika Ijumaa jioni na shimo hili halina jina lenye karatasi, nalijaza simenti mimi mwenyewe, kwa mkono huu."

"Afande, wewe na simenti?"

"Jaribu uone."

Ochola akacheka, lakini kicheko kilikuwa cha mdomoni tu. Maana jiwe la pengo lile lilikuwa limeshachongwa. Lilikuwa la kwanza kuchongwa kabla ya yale mengine yote, na lilikuwa limelala Kansanga chini ya gunia. Liliandikwa OPOKA, na chini yake, kwa herufi ndogo, MWANA WA SANTINA. Karatasi ya familia ndiyo haikuwepo. Mama mwenyewe alikuwa amekataa kuweka dole, na watu wa kamati waliokwenda kumbembeleza mara mbili, mara ya pili walifukuzwa kwa ungo.

Ili ujue kwa nini mtu mzima alidanganya polisi kwa ajili ya jina moja, turudi nyuma kidogo.

Mwaka ule ule aliovuka mpaka, Ochola alipata kibarua cha kujenga ua Luzira. Siku ya nne malaria ikamwangusha, naye hakuchagua mahali pazuri: alidondokea katikati ya tuta la sukuma wiki la jirani, Mama Santina, mjane wa askari kutoka Gulu. Mama alitoka kutukana, akaona macho ya kijana yamegeuka meupe, akamwita mwanawe. Opoka alikuwa askari, yuko likizo, na likizo yake yote alikuwa akiitumia kuisugua baiskeli yake. Alimpandisha Ochola nyuma ya baiskeli, akamfunga mgongoni kwake kwa kitenge cha mama kama mtoto mchanga, akakanyaga pedali kutoka Luzira mpaka Mulago. Watu barabarani walicheka. Yeye aliwapungia mkono.

Hospitalini daktari akasema damu imekwisha mwilini, atafutwe ndugu wa kutoa. Ndugu wa Ochola walikuwa Siaya, wanakula ugali wao, hawana habari. Opoka akakunja mkono wa shati.

"Ndugu ni huyu hapa," akasema.

Damu ikapimwa, ikakubali. Asubuhi yake Ochola alipofumbua macho, mtu wa kwanza kumwona alikuwa yule askari, amekaa kitandani kwa mgonjwa, anakula chakula cha mgonjwa.

"Mjaluo, habari ya asubuhi. Sasa una Mwacholi ndani yako. Ukianza kutamani odii usishangae. Na ukioa, ujue tumeoa wawili."

Odii ni ule mchanganyiko mzito wa simsim na karanga zilizosagwa, ambao watu wa kaskazini wakiukosa huona kama wamekosa mvua. Ochola hakuwa ameuonja maishani. Baada ya Mulago akaupenda kama aliyezaliwa nao, na mpaka leo huapa kwamba ni ile damu inayoomba. Kuhusu ile harusi ya watu wawili, Nasike anayo jibu lake la miaka yote: "Mwambie mwenzako naye alete sukari, basi."

Mwaka uliofuata kikosi cha Opoka kikavuka mpaka wa magharibi kwenda vitani. Alipita Kansanga kuaga, akamwachia Ochola baiskeli. "Nitunzie. Usiipake rangi." Hakurudi. Ilikuja barua moja tu, kwamba hajulikani aliko. Baiskeli haijapakwa rangi.

Jumatano, basi, Ochola akaenda Luzira kwa mama. Santina sasa amepita miaka themanini, mwili umebaki mdogo kama wa msichana, lakini sauti haijapungua. Alikuwa uani anapeta simsim. Binti yake Ayot, askari magereza, alikuwa anafunga kamba za buti kabla ya zamu. Mama na fundi huzungumza kwa mchanganyiko wao: yeye Kiacholi, huyu Kijaluo, wanaelewana nusu, na nusu inayobaki huzibwa na Kiswahili cha kambini.

"Mama, nimekuja na neno."

"Wewe lini hukuja na neno? Hata siku ile umeanguka kwa sukuma yangu, mdomo ulikuwa unaongea tu."

"Ni ile karatasi, Mama. Inataka dole gumba moja. Opoka akae ukutani pamoja na wenzake. Kesho kutwa jioni Kaltumi anaziba."

Ungo ukasimama. Simsim zikatulia.

"Mtoto alitokea kwa huu mlango," Santina akasema. "Aliniambia, mama, narudi. Sasa nyinyi mnataka nimpeleke kwa ziwa, watu wakubwa wamwone, tarumbeta ipigwe, na hapa kwa mama yake hajafika? Wewe Ochola, ukikaa nje miaka yote hii, utaenda kusalimia wageni kwanza?"

"Mama, lakini Opoka..."

"Usiniambie. Najua amekufa. Mwaka ule titi liliniuma, hili la kushoto alilonyonyea, na mimi ni mzee. Nilijua kabla ya barua yao. Lakini hajarudi. Mtu wetu akitoka vitani anakanyaga yai mlangoni, ndipo anaingia. Asipokanyaga, bado yuko njiani. Nikiweka dole kwa hiyo karatasi, nimemwacha njiani na ninasema amefika. Nitasema uongo huo na hizi nywele?"

Ochola, ambaye Kansanga nzima inajua mdomo wake huondoka nyumbani kabla yake, akajisikia anasema, "Basi jiwe lije hapa kwanza. Likanyage yai, liingie ndani, likusalimu. Halafu ndiyo liende ziwani."

Ayot akaacha buti moja haijafungwa.

"Fundi, jiwe lina miguu?" Ayot akauliza. "Nani atakanyaga?"

Mama yake alikuwa anamtazama Ochola, kichwa amekilaza upande kidogo, kama mtu anayepima nguo kwa macho. "Lije kwanza," akasema. "Ijumaa asubuhi. Na yai aje nalo yeye."

Ijumaa, jua likiwa bado changa, fundi na mkewe walitoka Kansanga na ile baiskeli. Ochola alikuwa amelifunga jiwe nyuma kwa kitenge. Boda zilijipitia zikiwapigia honi, dereva mmoja akauliza kama wamemfunga mgonjwa. "Amepona!" Ochola akamjibu. Nasike alisukuma kutoka nyuma njia nzima, na kila kilima alimkumbusha mumewe kwamba magari yalishavumbuliwa.

"Alinibeba kwa hii," Ochola akasema.

Nasike hakutaja magari tena.

Walipofika, Ochola akatoa yai mfukoni kwa madaha yote, limefungwa kwa leso. Alikuwa amepekua trei nzima dukani kutafuta kubwa kuliko yote.

Santina akaligeuzageuza. "Hili lilitagwa na kuku, au na mashine?"

"Mama, ona ukubwa wake!"

"Naona. Kuku aliyefungiwa na taa, hajui jogoo, hajui udongo. Huyo atampokea nani? Ayot, nenda kwa jirani, mama Odyek, mwambie nataka yai la kuku anayezurura."

Kwa hiyo wakasubiri, fundi mkuu wa Kampala ameshika yai lake la aibu, mpaka Ayot akarudi na kiyai kidogo, rangi ya udongo, bado kina unyoya. Nasike aliangalia pembeni. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Santina mwenyewe aliinama mlangoni akapanga vitu. Kwanza kijiti chenye panda cha mti wa opobo, ambao Ayot alikuwa ameuagiza Gulu ukaja na basi la Alhamisi umefungwa kwa gazeti. Gome lake lina ute kama sabuni, kwa hiyo uchafu wa huko alikotoka mtu huteleza. Pembeni akalaza ule mti mrefu wa kufungulia ghala, maana anayerudi hurudi kwenye chakula. Kwenye panda akaweka yai. "Yai halina mdomo," akasema. "Halijasema ubaya wa mtu. Ndiyo maana tunalitumia."

Kisha akasimama, akamtazama Ochola. "Vua kiatu."

"Nani? Mimi?"

"Kuna fundi mwingine hapa?"

"Mama, lakini... ni Opoka anayerudi. Mimi ni mtu wa Siaya. Tena mimi ni mzee wa kanisa."

"Damu yake iko wapi?" Santina akauliza, na sasa sauti yake ilikuwa ya chini. "Ile aliyoenda nayo ilimwagika huko, hakuna mtu amekuja kunionyesha mahali. Nyingine aliitoa Mulago. Hiyo iko hapa, imesimama mbele yangu, ina tumbo. Miaka yote hii nakupa odii kila ukija. Ulidhani nakulisha wewe peke yako?"

Ochola akamgeukia mkewe kama mtu anayetafuta wakili.

"Damu uliipokea hukuuliza ni ya dini gani," Nasike akasema. "Leo ndiyo unalihoji yai? Vua kiatu, baba."

Akavua. Soksi ilikuwa na tundu na dole gumba likachungulia, na siku nyingine yoyote angelitungia hadithi. Ayot akamwekea jiwe mikononi. Lilikuwa zito kuliko alivyolikumbuka, na yeye ndiye aliyelichonga. Akalikumbatia kifuani, jina likitazama mbele, akainua mguu wa kulia.

Yai lilivunjika kwa sauti ndogo sana. Ubaridi wake ukapanda kwenye unyayo. Akaruka ule mti wa ghala, akainamisha kichwa, akaingia.

Ndani palikuwa na mkeka, na juu ya ukuta picha ya kijana mwenye kofia ya jeshi anayecheka kama ameiba kitu. Santina aliingia nyuma yake, akaweka viganja viwili juu ya herufi, akazipapasa moja moja mpaka ya mwisho.

"Opoka," akasema. "Umechelewa."

Akakaa chini kwenye mkeka, jiwe mapajani, akalilia. Alilia kwa sauti, bila haraka, kama mtu anayefanya kazi aliyoiahirisha muda mrefu na sasa ana nafasi. Ayot akakaa upande mmoja, Nasike upande wa pili. Ochola alibaki wima, mguu mmoja una kiatu na mwingine una yai, machozi yanamshuka mpaka kwenye ndevu, hajui ayafute kwa mkono upi.

Walipomaliza, mama akapangusa uso kwa kanga, akaleta muhogo na bakuli la odii, akaliweka mbele ya fundi.

"Kula. Umetoka mbali."

Akala. Akalamba na bakuli. Nasike anashuhudia kwamba kwa nusu saa nzima mumewe hakusema neno, na kwamba alimgusa shingo kuona kama ana homa.

Kisha Santina akasema, "Leteni hiyo karatasi," akachovya dole gumba kwenye wino, akaligandamiza kwa nguvu, kama mtu anayemkanda mtoto.

Alasiri Ochola alikuwa ufukweni, anaweka jiwe kwenye pengo. Liliingia bila kugongwa. Alikuwa bado anasawazisha kingo alipofika Afande Kaltumi. Alikuwa amevaa gambuti, ana mwiko wa kujengea na nusu ndoo ya simenti aliyoikoroga mwenyewe, laini kabisa, imekorogwa vizuri kuliko ya mafundi wengi wa mjini.

Alinyoosha mkono, akapewa karatasi, akaisoma pande zote mbili pamoja na upande usioandikwa. Akalisoma jiwe. Halafu yule mama mfupi akaweka ndoo chini, akabana visigino vya gambuti, akapiga saluti.

"Na sasa ukuta utapumuaje?" akauliza alipoteremsha mkono.

"Umeshashusha pumzi, Afande."

"Hm. Mwongo wewe," Kaltumi akasema, na akampa simenti yake aitumie kuziba kingo. Imo mpaka leo. Simenti ya polisi, haijatoa hata ufa.

Jumamosi ziwa lilikuwa tulivu. Turubai zilifungwa, kwaya ikaimba, sheikh akaomba, padri akaomba, na kalooli wawili walikaa juu ya ukuta kama wajumbe wa kamati. Majina yakasomwa, na kila jina familia yake iliitika. Lilipofika la arobaini na tatu, Santina aliitika kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mabehewa: "Amefika!"

Baadaye mgeni rasmi alipita akisalimia watu mbele ya mawe yao. Alimshika mkono mama, akamshika Ayot, kisha akafika kwa mwanaume mnene mwenye kofia mkononi. Ochola alikuwa ameandaa hotuba wiki mbili nzima, kuhusu herufi, kuhusu jicho lisilohitaji rula, kuhusu wateja wasiolalamika. Nasike alikuwa ameshajiandaa kumkanyaga mguu.

"Na wewe ni nani wa marehemu?" mgeni akauliza.

"Ndugu," Ochola akasema. Hotuba ikaishia hapo.

Usidhani amebadilika. Jumatatu alikuwa tena chini ya mabati yake akiwaambia wateja kwamba ukuta wa Port Bell hauna mwenzake kutoka hapa mpaka Misri, na lile yai alilolichagua yeye, la dukani, limeshakuwa kubwa kama papai, na likiendelea hivi mpaka Krismasi litahitaji gari. Yale ya mlangoni hayasimulii. Mtu akimuuliza, hujifanya anapuliza vumbi kwenye jiwe.

Ila kila Ijumaa hupanda ile baiskeli isiyopakwa rangi, huteremka mpaka ufukweni, hupangusa jiwe moja kwa kofia yake, kisha hulieleza habari za wiki. Mvua ilinyesha. Nasike ameuza vizuri. Mama hajambo, ametukana watu wawili. Mwisho huegemeza kiganja kwenye jina na kusema asante, ndugu, jana tumekula odii. Halafu huvaa kofia na kwenda kazini.